Kijiji Kizima Tumboni

Juzi ilikuwa zamu yangu ya kusafisha kanisa. Nilichukua chombo cha maua yaliyobaki kwenye harusi ya wiki iliyopita ili nimwage maji yake. Mashina yalikuwa yameoza, maji yamegeuka ya kijani, na ile harufu iliponipiga puani, harufu ya matope na majani mabovu na kitu kama chuma chenye kutu, niliacha kazi. Nikakaa kwenye benchi la mbele, chombo mapajani. Mwenzangu niliyekuwa naye akaniuliza kama nimepokea habari mbaya kwenye simu. Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Hakunielewa, nami sikuwa na namna ya kumweleza pale, ufagio mkononi, kwamba mtu mzima mwenye watoto anaweza kuyaogopa maji.

Kwetu ni upande wa Itaka, Mbozi, nyumba ya matofali ya kuchoma katikati ya mikahawa. Maji tulichota bondeni, kwenye kisima chetu, chemchemi inayotoka chini ya mawe na kutuama kwenye kidimbwi kabla ya kushuka kwenda mtoni. Yalikuwa maji ya baridi, maangavu, yenye utamu ambao sijaukuta kwenye bomba lolote. Tukifika pale na ndoo zetu, kwanza tulipiga magoti, tukakinga viganja, tukanywa mpaka meno yakauma. Hakuna aliyefikiria kuyachemsha. Yaliyochemshwa yalikuwa ya chai, na ya wagonjwa.

Dada yangu Subira alikuwa kidato cha tatu, na alipenda biolojia kuliko wenzake walivyopenda nguo. Likizo moja, wakati wa kuchuma kahawa, alirudi nyumbani na kopo kubwa la plastiki, yale maangavu ambayo wenye maduka huwekea pipi. Mwalimu wao alikuwa amewaambia kwamba mtu hahitaji samaki kuwa na bwawa lake nyumbani. Basi Subira akaliosha lile kopo, akatandika mchanga chini, akapanda majani ya majini, akachukua tope kidogo na konokono wawili watatu kutoka kidimbwini, akajaza maji ya pale pale, akaliweka kwenye dirisha la chumba tulicholala. Siku za kwanza maji yalikuwa machafu. Baadaye tope likatulia, maji yakaanza kuwa na rangi kama ya chai ya majani mabichi, na chumba kizima kikashika harufu ile.

Mimi nililipenda lile kopo. Nilikuwa na miaka kama minane, na kila asubuhi niliweka pua kwenye plastiki nikitazama vitu vidogo kama vumbi vikirukaruka majini, vikipanda na kushuka, vikipanda na kushuka. Kulikuwa na uzi mweupe uliojishika kwenye jani, wenye vidole vyembamba kichwani, na vumbi moja likipita karibu ule uzi ulilishika. Niliona ni mchezo. Nilidhani ni vumbi kweli, vumbi linalocheza.

"Unataka kuwaona vizuri?" Subira akaniuliza mchana mmoja. Wazazi wetu walikuwa shambani na wachumaji.

"Kina nani?"

"Hao unaowaita vumbi. Njoo."

Alinipeleka kwenye stoo ya kahawa. Ilikuwa na mlango mmoja na kidirisha ambacho baba alikiziba kwa gunia ili panya wasiingie, kwa hiyo mlango ukifungwa, giza lilikuwa giza kweli. Kulikuwa na harufu ya kahawa kavu na magunia. Ukuta wa mbele ulikuwa umepakwa chokaa. Subira alikuwa na bomba la sindano lisilo na sindano yake, na ile taa ndogo ya leza ya kuchezea, nyekundu, inayoning'inizwa kwenye funguo. Ziliuzwa Tunduma kwenye meza za barabarani, na mjomba alituletea alipopita huko. Tulikuwa tukimchanganya nayo paka. Sasa Subira alivuta maji ya kopo kwenye bomba, akalifunga kwenye stuli likiangalia chini, akalisukuma taratibu mpaka tone moja likaning'inia mdomoni bila kudondoka. Kisha akafunga mlango, akawasha taa, akaielekeza kwenye lile tone.

Ukuta ukawa mwekundu. Na ndani ya ule wekundu kulikuwa na wanyama.

Sijui niliseme vipi jambo hili kwa mtu ambaye hajaliona. Ukuta wote, kutoka chini mpaka karibu na mabati, ulikuwa unatembea. Kulikuwa na vitu vya umbo la soli ya ndala vikikimbia na kugongana. Kulikuwa na kimoja kirefu, cheusi, kikijikunja na kujinyoosha, kikijikunja na kujinyoosha, nikajua huyo ni nyoka. Kikatokea kingine kikubwa kama mbuzi, chenye pembe mbili zilizopiga maji, na mifuko miwili imening'inia nyuma. Kilikuja moja kwa moja upande niliosimama. Nikapiga kelele na kujibanza kwenye magunia.

"Usiogope, wewe! Ni vivuli tu," Subira akacheka. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. "Yule mwenye mifuko ni jike. Mle ana mayai. Tazama, tazama anavyokwenda!"

"Wametoka wapi?"

"Si kwenye maji? Maji yale yale ya kisimani. Kila kikombe unachokunywa, mdogo wangu, unameza kijiji kizima."

Alisema mengine baada ya hapo. Najua alisema, kwa sababu aliniapia baadaye kwamba aliniambia wengi wao hawana madhara, na kwamba tumbo lina kazi yake. Sikuyasikia. Nilikuwa nimebaki pale pale kwenye kijiji.

Akili ya mtoto hupiga hesabu zake, na zangu zilikuwa hivi. Dirishani, kwenye mwanga, viumbe wale walikuwa vumbi. Ndani ya stoo, kwenye giza, walikuwa wakubwa kama mbuzi. Kwa hiyo giza ndilo lililowakuza. Na tumboni je? Hakuna mahali penye giza kama tumboni. Nilikuwa nimekunywa maji ya kisimani tangu niache kunyonya. Wote niliowahi kuwameza walikuwa mle, wamekua, wana mifuko ya mayai, wanaoana na kuzaa. Usiku nilipolala na tumbo likanguruma, nilijua wako kwenye mkutano. Likitulia, niliogopa zaidi, maana nilifikiri wananisikiliza.

Sikumwambia mtu. Niliona kwamba nikifungua mdomo kuwataja, watajua ninajua.

Basi nikaamua kutowaongeza. Nikaacha kunywa maji. Kisimani nilipiga magoti na wenzangu, nikakinga viganja, nikagusisha midomo na kuyaachia yamwagike kifuani. Nyumbani mama akinipa kikombe, nilijaza mashavu, nikatoka nje kama mtu anayekwenda chooni, nikatema nyuma ya nyumba. Kwanza nilijiruhusu chai, kwa kuwa niliiona ikichemka. Lakini asubuhi moja nilitazama ndani ya kikombe nikaona majani ya chai yakizunguka, yakipanda na kushuka, na chai nayo nikaiacha. Uji nikausukumia kwa mbwa. Nilikula viazi vya kuchoma, mahindi ya kuchoma na ndizi, na shambani nilinyonya utamu wa kahawa mbivu na kutema punje.

Ulikuwa ule msimu wa jua kali mchana na baridi usiku, upepo wa vumbi unapausha kila kitu. Midomo yangu ikapasuka. Ulimi ukawa mzito kama umevikwa soksi. Mama akanipaka mafuta ya mgando akasema ni upepo. Nilipokwenda haja ndogo, mkojo ulikuwa wa rangi ya kahawia na ulichoma, nami nikajua ndio wao, wameanza kuniuma kutoka ndani.

Nilianguka shambani. Nakumbuka tawi lenye kahawa nyekundu, nakumbuka kuwa nyekundu ile ilianza kutembea kama ukuta wa stoo, na kisha nakumbuka mgongo wa dereva wa bodaboda. Mama alikuwa amenipakata katikati yao, mikono yake imenizunguka, tukiteremka kuelekea Mlowo. Alikuwa anaomba kwa sauti. Lakini katikati ya maombi alikuwa akisema neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake: "Siyo tena, Bwana. Nimezika mmoja. Usinipe kaburi la pili." Dereva akaongeza mwendo.

Kwenye kituo cha afya walinilaza kwenye kitanda cha chuma karibu na dirisha. Nesi alikuwa mama mnene, mwenye mikono ya haraka. Alinibana ngozi ya tumbo, akatazama jinsi inavyochelewa kurudi.

"Huyu mtoto hana maji kabisa. Anaharisha?"

"Haharishi, dokta."

"Anatapika?"

"Hatapiki. Ni maji tu, naona kama hayamkai mwilini."

"Tutamwekea dripu."

Sikulijua neno hilo. Nilisikia sindano ikiingia mkononi, nikavumilia, maana sindano nilizizoea. Kisha nikainua macho. Juu kulikuwa na mfuko mwangavu uliojaa maji. Chini ya mfuko kulikuwa na kichupa kidogo, na ndani ya kile kichupa, kwenye ncha ya plastiki, tone lilikuwa limening'inia. Lilivimba, likatetemeka, likaanguka. Likafuata jingine. Na kutoka pale mrija uliingia kwenye mkono wangu.

Hata leo nikilieleza natoka jasho. Nilikuwa nimewakimbia kwa mdomo, wakanitafutia mlango wa mkono. Nilipiga ukelele uliowafanya wagonjwa wa upande wa pili wainuke vitandani. Nikaung'oa ule mrija, damu ikaruka kwenye shuka. Nesi akanishika mabega, mama akanishika miguu, nami nikawa nalia bila machozi, kwa kuwa machozi yenyewe yalikuwa yamekauka.

"Wamo! Wamo kwenye tone! Msiwaingize! Wana mayai!"

"Nani wamo, mama? Nani?" Mama alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama nyumba ikiungua.

"Homa imempanda kichwani," nesi akasema. Lakini alinigusa paji, akakuta sina homa.

Walijaribu tena, nikang'oa tena. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto anayeogopa maji hivyo arudishwe nyumbani akaombewe, hospitali haimuwezi. Nikaona mama anamsikiliza. Nikaona anatazama kanga yake kama anayetaka kunifungia nayo mgongoni.

Hapo ndipo Subira alipoingia, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amepata lifti juu ya magunia ya mahindi. Alisimama mlangoni akanisikia nikirudia maneno yale, wamo kwenye tone, wana mayai, na mkono wake ukaenda mdomoni. Alikuja akapiga magoti kando ya kitanda.

"Ni wale wa stooni?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo maana hunywi?"

Nikakubali tena. Subira akainamisha uso wake kwenye shuka kwa muda. Alipouinua alimgeukia nesi. "Dokta, naomba bomba la sindano. Na tone moja tu la maji yaliyo kwenye huo mfuko."

"Wewe binti, hapa si mahali pa mchezo. Mdogo wako anaishiwa."

"Ataung'oa kila mkimwekea. Naomba, dokta. Akiona mwenyewe ataacha."

Nesi alimtazama yeye, akanitazama mimi, akautazama ule mrija uliokuwa ukidondokea sakafuni. Sijui ni nini kilichomshawishi. Labda uchovu. Alivuta maji kidogo kwenye bomba jipya, akaondoa sindano, akampa. Kisha yeye mwenyewe akafunga dirisha na kuvuta pazia, na wale waliokuwa karibu na mlango akawaambia waufunge.

Subira alitoa mfukoni funguo zenye ile taa ya leza. Bomba alilishika nesi. Nilimwona dada yangu akitetemeka mkono hata ile nukta nyekundu ikawa inaruka huku na huku ukutani. Miaka mingi baadaye alinieleza kwa nini. Hakuwa na hakika. Alijua vitabuni kwamba maji ya dripu ni safi, lakini hakuwahi kuyapima, na kama kitu chochote kingetembea kwenye ukuta ule, nisingekubali tena tone la maji mpaka nife.

Mwanga ukalipata tone. Ukuta ukawa mwekundu, na miduara myembamba kama ya jiwe likitupwa bwawani.

Nilifumba macho. "Tazama," Subira akasema. "Mdogo wangu, tazama."

Nikafumbua. Kulikuwa na wekundu na miduara. Nikangoja. Hata yule mama aliyetaka nikaombewe alikuwa amesogea kuona. Kisha pembeni kikatokea kitu cheusi, kidogo. Nikajivuta nyuma kitandani.

"Kile!"

"Subiri. Kiangalie. Kina miguu?"

Nilikiangalia. Hakikujikunja. Hakikupiga maji. Kilielea polepole, kikafika ukingoni, kikakaa hapo hapo kama takataka iliyokwama kwenye ukuta wa ndoo.

"Hilo ndilo vumbi," Subira akasema, na sauti yake ikakatika. "Vumbi la kweli. Hakuna mtu humo. Ni maji matupu."

Nikanyoosha mkono mwenyewe. Nesi akafungua dirisha, akachukua sindano nyingine na mrija mwingine, na mara hii hakuna aliyenishika. Lakini sikuacha kuogopa. Nililitazama kila tone lililoanguka mpaka macho yakafumba yenyewe.

Tuliporudi nyumbani mama hakusema neno juu ya kopo. Nilitegemea atalimwaga, na naamini Subira alitegemea kuchapwa. Mama alituacha mpaka baba alipokwenda Vwawa kwa shughuli zake, akafunga mlango wa mbele, akamwambia Subira, "Haya. Nionyeshe ulichomwonyesha mdogo wako."

Nilikataa kuingia stooni. Nilisimama nje, nikachungulia kwenye ufa wa mlango, nikiwa tayari kukimbia. Niliona mgongo wa mama, na mbele yake ukuta ukitembea. Hakupiga kelele. Alisimama muda mrefu sana, mikono imeshika kanga kifuani.

"Haya ni maji ya wapi?"

"Ya kisimani, mama."

"Ninayochota mimi?"

"Ndiyo. Lakini hawa unaowaona si wabaya sana, mama. Wanaoua ni wadogo zaidi. Hao hawaonekani hata hapa."

"Wadogo kuliko hawa?"

"Wadogo mno."

Mama akakaa juu ya gunia la kahawa. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nilisikia habari za kaka yetu aliyezaliwa baada ya Subira na kabla yangu. Aliishi mpaka kujifunza kukaa, akaharisha, akaisha. Mama wa baba na ndugu zake walisema mama amembemenda mtoto, yaani hakujizuia kukutana na mumewe wakati bado ananyonyesha, ndiyo maana mtoto akadhoofu na kufa. Walilisema msibani, mbele za watu. Tangu siku hiyo mama hakuketi tena na wanawake wa ukoo ule kwenye mkeka mmoja. Hakuwahi kubisha, kwa sababu hakuwa na la kubishia. Aliamini.

"Nilikuwa nimeanza kumpa maji," mama alisema. "Joto lilikuwa kali. Nilikuwa namnywesha kwa kijiko." Akainua macho. "Subira. Mtoto wa umri ule anaweza kuuawa na maji?"

Dada yangu alikuwa msichana wa sekondari, na hakuna mwalimu aliyemfundisha kujibu swali hilo. "Anaweza, mama," akasema.

"Basi si lile walilosema."

"Siyo, mama."

Kupitia ufa wa mlango nilimwona mama akiweka viganja usoni. Nilidhani anacheka, mabega yalivyokuwa yakienda. Kisha nikasikia anasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba mtu mzima anayo, "Lakini kijiko nilikishika mimi."

Subira akazima taa. Walikaa gizani pamoja, nami nikiwa nje kwenye jua nimeshika mlango, na hofu niliyokuwa nayo ikahama. Nilikuwa nimeogopa wanyama. Sasa nilimwogopea mama.

Alipotoka macho yalikuwa yamevimba, lakini mwendo wake ulikuwa ule ule wa siku zote. Alikwenda jikoni, akapuliza moto, akateleka sufuria kubwa tuliyopikia wakati wa misiba na harusi, akaijaza maji ya kisimani mpaka juu. Nikaja nikachuchumaa karibu yake. Tuliyatazama maji yakianza kutoa moshi, kisha vipovu pembeni, kisha yakachafuka yote. Nikadhani ataepua. Hakuepua. Aliongeza kuni.

"Yamechemka, mama."

"Yaache," akasema. "Yachemke tena."

Yalipopoa kidogo alichota kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akanywa kwanza yeye, kisha akaniwekea mdomoni. Yalikuwa na ladha ya moshi. Nilikunywa nikimtazama yeye usoni, naye akilitazama koo langu, funda baada ya funda, mpaka kikombe kikaisha.